Safari ya Treni kwa Ajili ya Mchezo Mmoja wa Kuigiza

Ukinikuta wodini na sare yangu nyeupe hutadhani kwamba mimi ni mpenzi wa michezo ya kuigiza. Sisemi ile ya kwenye televisheni inayotukalisha sebuleni mpaka mboga inaungua. Nasema mchezo wenyewe, wa watu waliosimama mbele yako, unaowasikia hata wakivuta pumzi. Ugonjwa huu ninao tangu utotoni, na kwa mtu wa Mpanda ni ugonjwa wa gharama, maana katika miaka yote niliyoishi hapa sijapata kuona jumba lililojengwa kwa kazi hiyo.

Mpanda ni mwisho wa reli. Wakoloni waliifikisha hapa mwaka 1950, kilometa 210 kutoka Kaliua, kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ule ulikuja kufungwa, reli ikabaki. Zamani tulikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 tuna mkoa wetu wenyewe, Katavi. Wageni wanaotujia wengi wao huja kwa ajili ya Hifadhi ya Katavi, kusini mwa mji, kule Sitalike. Wanakata tiketi kwa fedha nyingi ili kuwaona viboko waliobanana katika madimbwi ya mto Katuma wakati wa kiangazi. Mimi huwa nacheka. Viboko tumewazoea, lakini hakuna aliyepata kutuuzia tiketi ya kumtazama mwanadamu akiigiza.

Hata hivyo nisiseme uongo. Michezo isiyo na tiketi tulikuwa nayo. Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao walikuja na ngoma zao za mashindano, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Hakuna mwamuzi wala kiingilio. Miguu yako ndiyo kura yako. Wachezaji hutoa vituko vya kila namna, wengine hucheza na nyoka, ilimradi watu wasihame. Mama yangu alitukataza kabisa kwenda huko kwa sababu ya dawa ambazo vikundi vile hutumia kushindana. Nilikwenda. Nilipata viboko, na hapa sisemi wale wa Sitalike.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, na sisi watoto tulijua mambo ya Mkwaju, yule dereva wa lori, na mkewe Tunu, kuliko tulivyojua hesabu. Watu wazima walikuwa wakimtukana Mkwaju kama vile anaishi mtaa wa pili. Nilipokuwa sekondari nilipata kitabu cha Hatia, mchezo wa Penina Muhando uliotoka mwaka 1972, unaohusu msichana aliyepata mimba. Tuliuigiza bwenini kwa khanga na mishumaa. Wakati ule sikujua kwamba ningekuja kuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na kwamba msichana yule ningekutana naye kila juma.

Basi niliolewa, na mume wangu hakuipenda habari hii. Simlaumu sana. Yeye alikaa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na alichokiona kikiitwa maonyesho kilikuwa ni vile vikundi vikubwa, kama Muungano na TOT, ambavyo kwa jioni moja vilikupa ngoma, vichekesho, sarakasi, mchezo wa kuigiza na taarabu, na mara nyingi maonyesho yenyewe yalikuwa katika baa. Kwake yeye, mke wa mtu kwenda kutazama mchezo ilikuwa sawa na mke wa mtu kwenda baa. Tulikuwa tumekwisha kubishana juu ya jambo hilo mara mbili tatu, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali, na nadhani wengi wenu mnaelewa.

Mwaka 2013 nilichaguliwa kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya majuma mawili. Nilipanga foleni stesheni tangu alfajiri nikapata tiketi ya daraja la pili. Safari ile ni zaidi ya kilometa 1,100. Ukishaondoka Mpanda unapita Katumba, ambako akina mama hukimbilia madirishani na ndizi na mihogo, kisha unaingia porini, miombo mitupu saa baada ya saa, na usiku unavuka Ugalla bila kuuona. Tabora mabehewa yetu yaliunganishwa na treni iliyotoka Kigoma. Nilifika Dar nimevimba miguu, nikapokelewa na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi Mbagala.

Mahali tulipofundishwa palikuwa na ubao wa matangazo, na siku ya tatu nikaliona tangazo: Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein, Jumamosi, saa 7:00, kiingilio shilingi 5,000. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile zaidi ya mara tano. Sikumwambia mume wangu kwa simu, wala wifi sikumfafanulia. Nilisema tu kwamba nina shughuli mjini. Katika pochi nilikuwa na fedha nilizotenga kwa ajili ya viatu vya shule vya binti yetu Neema. Nikajiambia nitazirudisha katika posho. Haya ndiyo maneno tunayojiambia.

Jumamosi nilifika ukumbini saa saba kasoro robo mchana, nimependeza. Mlango umefungwa. Mlinzi mmoja, mzee wa makamo, alinitazama kwa huruma.

"Shikamoo baba. Mchezo bado haujaanza?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo saba uliyoisoma ni ya Kizungu. Ni saa moja usiku."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ninayeandika saa za dawa kila siku, leo nimedanganywa na saa! Kwenda Mbagala na kurudi nisingeweza, maana ningeulizwa, na nikiulizwa nisingetoka tena. Nikakaa chini ya mwarobaini, nikala mihogo ya kukaanga, nikasoma daftari langu la mafunzo mpaka nikalichoka. Saa kumi na moja wakaweka meza na kijana mwenye kitabu cha tiketi. Nilikuwa wa kwanza katika foleni, kwa saa nne nzima, na bado nilipewa kiti cha nyuma kwa sababu vya mbele vilikuwa vimewekewa wakubwa. Wengi wa viti hivyo vilikaa vitupu hadi mwisho.

Sasa nisimulieni mtu wa kulipa fidia ya jambo kama lile! Taa zilipozimika nikasahau yote. Mchezo ule unahusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, lakini hauanzi na mashujaa. Unaanza na wanawake wawili, Bi Bobali na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya shida za nyumbani, wakati waume zao wanatumikishwa katika shamba la Mjerumani. Katika kusoma nilikuwa nimepita juu ya ukurasa ule haraka haraka ili nifike kwenye vita. Pale ukumbini nilimwona mwanamke ana njaa, na sauti yake imekauka, na nikaelewa kwamba vita vimeanzia jikoni. Mwishoni Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka aseme kwamba maji yake yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akilisema hilo watoto ambao hawajazaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Ukumbi ulinyamaza. Ukimya ule naujua: ni ule wa wodini pale mgonjwa amekata roho na ndugu bado hawajaanza kulia.

Nilifika Mbagala saa tano usiku. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji tangu jioni. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Kaka nimeshampigia."

Safari ya kurudi niliiona ndefu mara mbili. Mume wangu alinipokea stesheni Mpanda, akabeba begi, akauliza hali ya wifi, basi. Siku tatu tuliishi kama wapangaji. Usiku wa nne akauliza, taratibu, "Ulikwenda na nani?" Nikatoa kile kipande cha tiketi nilichokitunza katika Biblia. Nikamwambia, "Baba Neema, tiketi ni moja." Kisha nikamsimulia mchezo wote tangu wale wanawake wawili mpaka mwisho. Alisikiliza, hilo nampa. Halafu akasema, "Yaani viatu vya mtoto vimekwenda kwa watu waliokufa mwaka 1905."

Kwa viatu alikuwa na haki. Kwa kutomwambia pia. Sikujitetea hapo, na nanyi msitafute namna ya kunitetea. Lakini neno lile la "na nani" lilinikaa moyoni muda mrefu kuliko mwendo wa treni, na ilimchukua zaidi ya mwaka kuliondoa.

Mama mwenzangu, ukipata safari na wewe una hamu kama yangu, yako mambo nimejifunza. Uliza kama saa iliyoandikwa ni ya Kiswahili au ya Kizungu. Uliza mchezo unakwisha saa ngapi na utarudi na usafiri gani. Kama unaweza kuchagua, nenda Bagamoyo wakati wa tamasha la chuo cha sanaa, lililoanza mwaka 1982. Kule familia nzima hukaa pamoja na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Sisi wa Mpanda sasa tuna lami mpaka Tabora, hatulazimiki tena kusubiri siku ya treni. Na mwambie mwenzio kabla hujaondoka, hata kama mtagombana. Afadhali kugombana mapema.

Mwaka 2016 nilikuwa nimebanwa na kazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Kanisani nilipewa kazi ya kuzungumza na vijana, nikazungumza shuleni, nikazungumza jumuiyani. Neema wakati huo alikuwa na miaka 14, kidato cha pili. Kwa Neema sikuwa nimesema neno. Kila nilipotaka kuanza nilijikuta nikimwuliza kama amefua soksi.

Siku moja akaniambia wanaigiza Kilio Chetu shuleni, kiingilio shilingi 500 kwa ajili ya vitabu, na yeye anaigiza. Hakusema anaigiza nani. Mume wangu, sijui kilichomwingia, akatoa 1,000 akasema, "Mbili." Tukaketi kwenye viti vya darasani, uwanja umezungushiwa magunia, na wazazi wengine wamesimama nyuma.

Mchezo ule unahusu watoto, UKIMWI na mimba, na wazazi wanaobishana kama watoto waambiwe au wasiambiwe. Baba Anna anataka waambiwe. Mama Suzi hataki hata kusikia. Na Mama Suzi alipotoka nyuma ya magunia nikaona amefunga khanga yangu, ile ya bluu. Amejichora mikunjo ya uso kwa wanja. Ameshika kiuno kwa mkono wa kushoto, kama mimi. Binti aliyecheza Suzi alipouliza jambo, Neema akavuta pumzi puani, kama mimi, akageukia habari nyingine. Uwanja wote ukaangua kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akajifuta machozi, akanigusa kiwiko. Kisha Suzi akapata mimba ya Joti, na Joti ni mgonjwa, na Mama Suzi akawa anazunguka jukwaani bila kujua pa kuiweka mikono. Mume wangu akaacha kucheka. Nilitazama mbele.

Tulirudi kwa miguu, gizani, bila maneno mengi. Karibu na nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule Dar nilikaa kweli chini ya mwarobaini tangu saa saba mchana. Nikamwambia ndiyo, saa sita kamili. Akatikisa kichwa, akasema, "Pole, Mama Neema."

Tulipofika aliwasha taa ya sebuleni, akaingia chumbani, akafunga mlango. Neema alikuwa bado na wanja usoni. Nilimletea beseni la maji na sabuni, nikaketi karibu naye wakati ananawa. Nilianza vibaya, nikaanza tena. Tulilala saa saba usiku, na hiyo ni saba ya Kiswahili.