Aliyeshalipa hadaiwi tena

Mama mmoja mwenye genge Mbagala ana daftari la mali kauli lililochakaa. Binti yake wa kidato cha tatu, anayejifunza Python kwenye kompyuta ya kuazima, aliahidi kumwandikia programu ya kutaja wadaiwa. Mama aliguna. Mwaka jana binti huyo alichukua shilingi 30,000 za twisheni akanunulia bando, na mama akaliandika deni hilo daftarini. Binti aliomba radhi, akauza barafu likizo nzima, akazirudisha zote. Hata hivyo, kila alipoomba kitu, jibu lilianza na, "Na zile za bando?"

Usiku huo waliketi na majina 12. Kompyuta ilitakiwa kuizunguka orodha, jina moja baada ya jingine. Asiyelipa, imtaje. Aliyelipa, imruke kwa amri ya continue, iende kwa anayefuata. Ikataja wa kwanza, ikataja wa pili, kisha kimya. Feni ikavuma.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Haijafa, mama. Inazunguka palepale." Akabonyeza Ctrl na C kuisimamisha.

"Basi iambie iache."

"Amri hiyo ipo, ni break. Lakini break inatoka kwenye mzunguko wote. Wale tisa waliobaki hutawaona."

Akapitisha kidole kwenye mistari yake, akacheka. Wa tatu alikuwa ameshalipa. Continue iliirudisha kompyuta mwanzo wa mzunguko kabla haijafika mstari wa mwisho, ule wa kuongeza namba ya mteja kwa moja. Namba ikabaki ileile. Ikarudi kwa mtu yuleyule, ikamkuta amelipa, ikarudi tena. Ingekesha.

"Yaani inamng'ang'ania mtu asiye na deni?"

"Ndiyo. Na wenye madeni haiwafikii."

Binti akaongeza mstari mmoja: kabla ya kuruka, ongeza namba. Programu ikampita wa tatu, ikafika wa 12, ikamaliza.

Mama hakusifu. Alibaki akiitazama skrini. Binti akatumia nafasi hiyo kusema kwamba shuleni wanadaiwa 5,000 za karatasi za mtihani. Maneno yale ya bando yakafika kwenye ulimi wa mama. Akayameza.

"Zinatakiwa lini?"

"Ijumaa, mama."

Akafungua fundo la khanga, akahesabu, akampa. Kisha akavuta daftari, akatafuta ukurasa wa mwaka jana, akapiga mstari juu ya jina la mwanawe.

Wazazi wengi wana daftari kama hilo moyoni. Kabla ya kufoka leo usiku, si vibaya kulifungua na kuangalia: huyu anayedaiwa, hajalipa kweli?