Kiti cha Mbele hadi Kasenyi

Bustani za michezo za Marekani, kama Cedar Point, zimewahi kuuza kwa mnada viti vya safari ya kwanza ya kigari kipya kinachoteremka kwa kasi kwenye reli, pesa zisaidie watoto wagonjwa. Sisi Bunia tuna barabara ya Kasenyi. Jumamosi tulinadi kiti cha mbele, kando ya dereva; franka zitanunua madaftari ya watoto wa kambi ya Kigonze. Muuza samaki mmoja akashinda. Tulipofika Bogoro, kabla ya mteremko, akashuka, akamwita mama mjamzito aliyebanwa nasi nyuma. Tuliona haya. Ziwa Albert lilipotokea chini, tulikuwa tumekubaliana: safari ijayo mwenye kuhitaji kiti aketi kwanza, ndipo tunadi vilivyobaki.