Blanketi la Vipande, Njombe 1983

Watu wa rika langu wakianza kuzungumzia mwaka 1983, wanaanza na foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga kwenye duka la ushirika huku majina yakiitwa kutoka kwenye daftari. Yote hayo nayakumbuka. Lakini mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na mwaka huo nikiutaja, kinachonijia kwanza ni blanketi dogo ambalo mama alimshonea mdogo wetu wa mwisho. Nalieleza kwa sababu nimesikia mara nyingi mno ikisemwa kwamba miaka ile watoto walifunikwa matambara. Kwetu haikuwa hivyo, nami nililiona lile blanketi likishonwa tangu kipande cha kwanza.

Njombe wakati ule ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni baridi yake haina mzaha. Kuna asubuhi nyasi za mabondeni zinaamka nyeupe kwa sakitu. Mdogo wangu alikuwa hajatimiza mwaka. Dukani hakukuwa na blanketi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina ya nchi, fedha za kigeni hazikuwepo, viwanda vya nguo vilikosa vipuri, na kitambaa kikipatikana kilikuwa cha mgao. Juu ya hayo, tangu Machi kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu, Edward Sokoine, na watu walikuwa wakitupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo.

Mama alikuwa na gunia la vipande chini ya cherehani, masalio ya nguo za wateja. Shangazi alimsihi alichome moto.

"Wifi, wakija wakalikuta hilo gunia utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni vipande, wifi. Wakitaka, wavihesabu."

Hakulichoma. Alilimwaga mkekani, akaanza kuchambua. Vipande vingi vilikuwa vyembamba mno, ikabidi majirani waombwe. Baba akatoa suruali ya khaki aliyokuwa akiendea kazini kwenye kiwanda cha miwati pale Kibena; magoti yalikuwa yamekwisha, lakini upande wa nyuma kitambaa kilikuwa kizima. Mwalimu wangu akaleta sketi ya tetroni ya bluu. Bibi akakata ncha ya kaniki yake. Mmoja wa majirani alileta khanga nzuri ya rangi ya machungwa, na mama aliipokea kwa mikono miwili, ila alipoikata aliacha sehemu yote yenye maandishi. Jina lile lilikuwa la kijembe, mafumbo ya wanawake wanaogombea mume. Alisema mtoto hatalalia ugomvi wa watu wazima.

Kabla ya kukata chochote, alivifua vyote kwa maji ya majivu, maana sabuni ilikuwa haipatikani. Khaki hurudi ikiingia maji, na kaniki hutoa rangi. Vikishonwa bila kufuliwa, blanketi likifuliwa mara ya kwanza linajikunja na kuchafuka lote. Kisha akakata boksi gumu, mraba wa inchi sita kila upande, likawa ndicho kipimo. Kila kipande kilichorwa kwa chaki kufuata boksi lile, na kwa kufuata uzi wa kitambaa. Ukikata hanamu, kipande kinavutika na mstari mzima unapinda. Nusu inchi kila upande iliachwa kwa mshono, hivyo kila kimoja kikabaki na inchi tano za kuonekana. Saba kwa upana, tisa kwa urefu: vipande 63. Blanketi la inchi 35 kwa 45, linalomtosha mtoto hadi afike miaka mitatu au minne.

Kazi yangu ilikuwa pasi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na tetroni inayeyuka pale pale, kwa hiyo nilikuwa nawekea kitambaa chenye unyevu juu yake. Kila mstari ulipomalizwa, mishono yake ililazwa upande mmoja, na ya mstari unaofuata upande wa pili, ili zikikutana pembe nne pasiwe na uvimbe. Mama alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kila njia panda. Akihisi pembe zimepishana, hata kwa unene wa uzi, alifumua. Nilichoka kumsubiri. Leo naamini kufumua kule ndiko kulikolitofautisha blanketi na kiraka.

Jioni moja alikuja mama jirani ambaye mwanawe alikwenda Uganda na jeshi mwaka 1979 na hakurudi. Alikuwa na shati la kijana la mirabamiraba, nyekundu na nyeupe, limekunjwa vizuri. Hakulia, wala hakueleza sana. Alisema tu lisikatwe vipande vingi, na kwamba angependa kipande chake kiwe mahali ambapo akija atakiona. Mama alikata kipande kimoja cha mgongoni, akamrudishia shati lililobaki. Mistari yote ilikuwa imeshapangwa mkekani. Akaipangua, akaipanga upya, kipande kile kikakaa safu ya pili kutoka juu, pale shuka la mtoto linapoishia na kifua kinapoanzia.

Ndani aliweka blanketi la kijivu lililochakaa, na bitana ikawa ya marekani ya mifuko ya unga, iliyoloweshwa mpaka chapa zikafifia. Alipiga bandi tabaka zote tatu zisihame. Uzi wa cherehani haukutosha kupitisha mishono juu ya blanketi zima, hivyo kila pembe nne zilipokutana alifunga fundo kwa uzi wa magunia. Uzi huo niliutafuta mimi pale dukani. Mdomo wa gunia hushonwa kwa mshono wa mnyororo: ukipata ncha sahihi, uzi wote unafumuka kwa mvuto mmoja, ukishika ncha isiyo yake, unakaza na kukatika. Mafundo yalikatwa mafupi, yakaelekezwa chini, mtoto asije akayanyonya. Vifungo vya mapambo hakutaka hata kuvisikia.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, na miaka iliyofuata mitumba ikajaa sokoni. Mama aliendelea kulitengeneza. Khanga ilikwisha kwanza, kisha vitenge; tetroni ya mwalimu haikuonyesha dalili ya kuchoka. Alibadilisha kila kilichochanika, isipokuwa kile cha mirabamiraba, ambacho alikuwa akikitilia uzi kwa mkono, tena na tena.

Yule mama jirani alipohamia Makambako kwa binti yake, mdogo wangu alikuwa na miaka minane na alikuwa bado akilitandaza miguuni. Mama alilifua, akalipiga pasi mwenyewe, akampelekea. Mdogo wangu alinuna siku nzima, akidai blanketi ni lake.

"Ulikuwa unalitumia," mama akamwambia. "Mwenyewe ameondoka nalo."