Wajane wa Champagne

Mliomba tuwasimulie safari yetu ya mwezi wa saba, sisi wawili, baba na mama, tulipokwenda kumtembelea binti yetu Liège, Ubelgiji. Mambo ya ndege tunayaacha: Luano, Addis Ababa, Brussels, miguu imevimba, basi. Tunataka kusema juu ya siku tatu ambazo mkwe wetu alitupeleka kwa gari mpaka Champagne, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu.

Huku mlikuwa mnavaa sweta na kuota mkaa. Kule kulikuwa joto, na jua linazama karibu saa nne usiku. Kati ya Reims na Épernay vilima vimejaa mizabibu, mistari imenyooka kama nywele za mtoto aliyesukwa vizuri. Zabibu zilikuwa bado kijani na ngumu. Kwa kawaida wanavuna mwezi wa tisa, na kwa mkono tu, mashine haziruhusiwi.

Chini ya mji wa Reims kuna mashimo makubwa ya chokaa, yaliyochimbwa zamani na watu waliotafuta mawe ya kujengea. Sisi watu wa Katanga tunajua mashimo. Mara moja tukafikiri Kipushi. Lakini humu hakuna shaba wala zinki, ni chupa tupu za mvinyo zimelala gizani. Kwenye nyumba ya Pommery tulishuka ngazi 116, mita 30 chini, baridi ya nyuzi 10 hivi. Kitenge kimoja tulijifunika wawili. Wakati wa vita ya 1914 watu wa Reims walijificha katika mashimo kama haya, na watoto walisomea humo.

Pommery ni jina la mjane. Louise Pommery alifiwa na mumewe mwaka 1858, akashika biashara mwenyewe, na ndiye aliyenunua mashimo hayo. Kabla yake alikuwepo Barbe-Nicole Ponsardin, mke wa François Clicquot. Mume alikufa mwaka 1805, akamwacha na miaka 27 na binti mmoja mdogo. Baba mkwe alitaka kufunga biashara. Yule mama akamwendea, akamwomba nafasi; mzee akakubali, tena akaongeza pesa yake, ila kwanza afanye kazi pamoja na mfanyabiashara mzoefu. Mwaka 1814, vita vya Napoleon vikiisha, alipeleka Urusi chupa zaidi ya 10,000 kabla washindani wake hawajaamka. Ni katika nyumba yake walipoanza kugeuza chupa kichwa chini kwenye meza yenye matundu, ili mashapo (kama yale yanayobaki chini ya munkoyo) yashuke mpaka kwenye kizibo yatolewe.

Ladha mtauliza. Ina uchachu kidogo, mapovu yanapanda puani. Baba watoto alisema Simba yake inamtosha.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimfunga mwanamke aliyeolewa: bila ruhusa ya mume hawezi kusaini mkataba. Mjane alikuwa huru. Tusiwacheke. Kwetu pia Kodi ya Familia ya 1987 ilidai ruhusa ya mume, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2016.

Na mjane wa Lubumbashi? Kilio hakijaisha, ndugu wa marehemu wanahesabu viti, friji, na wanauliza ufunguo wa depo uko wapi. Sheria inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba aliyoishi na mumewe. Lakini kama ndoa haikuandikwa kwenye komini, atamwonyesha hakimu nini?

Tukirudi Liège, garini kulikuwa kimya muda mrefu. Kisha baba watoto akasema: «Mama, bei ya unga unaijua wewe, wateja unawajua wewe. Clicquot alikuwa na baba mkwe mwema. Wangu wewe nawajua.»

Tangu wiki iliyopita karatasi za depo zina majina mawili. Shemeji mmoja ameshauliza ni dawa gani tuliyonyweshwa Ulaya. Anayetaka kujua ni karatasi zipi zinazohitajika, atukute Jumamosi baada ya likelemba, aje na cheti chake cha ndoa.