Tulivyojifunza majina ya boti katika safari ya Idjwi



Juma lililopita sisi wamama kumi na mmoja tulivuka kutoka Bukavu kwenda Idjwi kununua mananasi. Wengi wetu tumekulia kando ya ziwa Kivu na kula sambaza zake tangu utoto, lakini ya boti tunajua mbele na nyuma, basi.

Wakati wa kurudi, upepo ulituamkia. Mawimbi yalipiga upande wa kuume, maji yakaturukia, na sisi kwa kuogopa kulowana tukakimbilia wote kushoto. Boti ikalala. Magunia yakateleza. Mzee wa usukani akapaza sauti: “Musihame ubavu! Mukae chini, kila mutu pake!” Wengine hatukujua ubavu ni nini, tukazidi kusukumana. Tulikumbuka boti iliyotoka Minova ikazama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu wakiitazama kutoka nchi kavu.

Tulipofika salama, mzee yule hakutugombeza. Alitukalisha kando ya maji akaanza kutufundisha kama watoto wa shule.

Ubavu ni upande wa boti, wa kuume au wa kushoto. Wote tukiegemea mmoja, mdomo wa boti unashuka na maji yanaingia. Boti ikiyumba hivi na hivi, inakwenda mrama. Kumbe ndiyo maana tunasema mambo yamekwenda mrama! Omo ni pua inayokata maji, tezi ni mwisho wa nyuma, penye usukani na mota. Ni maneno ya mabaharia wa pwani. Mzee aliyazoea alipofanya kazi Tanganyika, pamoja na tanga, kitambaa kinachoshika upepo, na mlingoti, mti unaolibeba. Hapa kwetu ukisema mbele na nyuma unaeleweka.

Neno lililotufaa zaidi ni ngama. Ni pale chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika. Sisi tulikuwa tumeweka mikate yetu hapo! Ukipanda, tazama ngama kwanza: kama maji ni mengi na hakuna mtu wa kuyafua, shuka. Tazama pia nje, mdomo wa boti uko juu ya maji kwa kiasi gani. Ukiweza kunawa mikono bila kuinama, shehena imezidi. Usidanganywe na nanga. Katikati ya ziwa kina kinapita mita 400, na kamba haifiki.

Na mtoto? Hapo mzee alikuwa mkali. Mtoto asifungwe mgongoni kwa kitenge ndani ya boti. Jile inamgeuza mama uso juu, na mtoto wa mgongoni anabaki chini ya maji. Mfungue, umpakate mbele, naye avae jile yake ya kimo chake. Ya mtu mzima inamponyoka. Siku ile tulikuwa na watoto watatu mgongoni, na hakuna hata jile moja ya mtoto.

Mwezi ujao tunarudi Idjwi, asubuhi mapema kabla ya upepo, na jile tatu ndogo tumekwisha kuzichangia. Mmoja wetu amekataa kabisa kupanda tena. Mananasi yake tutamletea.