Wa Tisa Katika Orodha

Mwenye kushika kalamu ya kamati hujifunza mapema kwamba watu huisoma orodha kwa macho na kwa nyoyo pia. Nikiandika majina ya waliochangia ukarabati wa kisima, au zamu za kufuturisha wakati wa Ramadhani, hapakosi wa kuniuliza kwa upole wenye uchungu ndani yake: "Katibu, mbona jina langu limekuja chini?" Humjibu kwamba nimefuata alfabeti, jibu ambalo ni la kweli na ambalo halijapata kumridhisha mtu.

Mwaka huu swali hilo lilinifikia kutoka mahali nisipopatarajia: uwanja wa besiboli. Mchezo huo umelelewa Marekani na kupendwa mno Japani, na Wajapani ndio walioutia nguvu katika baadhi ya shule zetu, hata Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ikapata uwanja wake kwa msaada wao. Mpwa wangu, kijana wa miaka 15, anasoma kwingine, lakini naye ameupenda. Tangu baba yake alipofariki, timu ndiyo iliyokuwa ikimtoa ndani ya nyumba na ndani ya kimya chake.

Siku mwalimu alipobandika mpangilio wa wapigaji, jina lake lilikuwa la tisa kati ya tisa. Alirudi nyumbani, akaweka rungu lake uvunguni mwa kitanda, akaniambia: "Mjomba, nimewekwa wa mwisho. Siendi tena." Dada yangu alitaka nimwandikie mwalimu barua ya malalamiko, tena yenye muhuri. Nilimwomba anipe siku tatu, nijue kwanza tunalalamikia nini.

Nilichojifunza ni hiki. Wapigaji tisa hupiga kwa zamu isiyobadilika, wa kwanza hadi wa tisa, kisha duara huanza upya. Timu ikishatolewa watu watatu huwapisha wapinzani, na zamu yake ya kupiga ikirudi huendelea pale ilipoishia. Orodha hukabidhiwa kwa mwamuzi kabla ya mchezo. Mtu akipiga mahali pa mwenzake, na wapinzani wakalalamika kwa wakati, yule aliyestahili kupiga huhesabiwa kuwa ametolewa.

Kila nafasi ina kazi yake. Wa kwanza huchaguliwa kwa kuwa anajua kufika kituoni, hata kwa subira tu ya kuiacha mipira mibaya ipite. Wa nne hutakiwa awe na nguvu, kwani huenda akawakuta wenzake watatu wamesimama vituoni wakingoja wa kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1929 timu ya New York Yankees iliwapa wachezaji namba za mgongoni kwa kufuata mpangilio huo: Babe Ruth, mpigaji wa tatu, akavaa 3, na Lou Gehrig aliyemfuata akavaa 4.

Sikutaka kumdanganya kijana kwamba nafasi zote ni sawa. Kila ngazi unayoshuka hukupunguzia wastani wa zamu moja katika michezo tisa. Katika msimu wa ligi kuu ya Marekani, wenye michezo 162, hizo ni zamu 18 kwa kila ngazi, na kati ya wa kwanza na wa tisa tofauti hufika 144. Ndiyo maana kwa miaka mingi nafasi ya tisa aliachiwa mrushaji, ambaye kwa kawaida si hodari wa kupiga.

Hata hivyo, wajuzi wamepata kuupindua utaratibu huo. Agosti 1972 Billy Martin, kocha wa Detroit Tigers, alipochoshwa na timu kushindwa, aliyatia majina ya wapigaji katika kofia yakachotwa kwa kura. Eddie Brinkman, asiyesifika kwa kupiga, akaangukia nafasi ya nne. Walishinda 3–2. Mwaka 1998 Tony La Russa wa St. Louis Cardinals alimpandisha mrushaji hadi nafasi ya nane, akamweka mpigaji wa kweli katika ya tisa. Hoja yake ilikuwa kwamba duara likishazunguka, wa tisa humtangulia wa kwanza, naye alitaka Mark McGwire, mpigaji wake mkubwa, akute watu vituoni.

Nilimwendea mwalimu bila barua na bila muhuri. Alinieleza kwamba kijana ana mbio na ana jicho la kuuacha mpira mbaya, ila mkono wake haujakomaa. "Nimemweka mlangoni," alisema, "afunge duara la kwanza na kuwafungulia wenzake la pili." Nikamuuliza kama mwenyewe ameambiwa hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba orodha ilibandikwa tu.

Kesho yake alimwita akamweleza yote mawili: kwamba atapiga mara chache kuliko wenzake, na kwamba amewekwa pale kwa sababu. Kijana aliuliza swali moja, kama mkono ukikomaa anaweza kupanda. Akajibiwa kwamba anaweza. Jioni ile rungu lilitoka uvunguni. Namba yake ingali 9.

Wazazi wenzangu, nasi tunazo orodha, ingawa hatuzibandiki ukutani. Ada zikiwa haba, yupo mtoto anayelipiwa kwanza na yupo anayeambiwa asubiri muhula ujao. Yupo anayenunuliwa viatu vipya na yupo anayerithi vya kaka yake. Huenda uamuzi wetu una hekima kama ule wa mwalimu, na huenda hatuna njia nyingine. Lakini mtoto asiyeambiwa sababu hujitungia yake mwenyewe, na mara nyingi hujitungia kwamba hapendwi. Usiku wa leo, kabla hajalala, tumwite yule aliye wa mwisho katika orodha yetu, tumkalishe karibu, tumweleze kwa nini yuko pale na nini kinaweza kumpandisha.