Sifuri ya Kila Ubao

Kwa muda mrefu niliamini kwamba shughuli yote ya rauta, mashine ya kuchonga mifereji kwenye mbao, ni kina: unataka mfereji wa milimita 12, unaweka 12, unawasha. Siku hizi kinachonishughulisha zaidi ni jambo linalotangulia kina, yaani mahali ninapoanzia kuhesabu.

Hapa Lushoto mbao haitulii. Ukungu wa Magamba hushuka asubuhi, jua la mchana hupiga, na ubao wa msindano uliolala sawasawa jana, leo umejikunja. Naishusha rauta mpaka ncha ya kisu iguse uso wa ubao, na hapo ndipo sifuri. Lakini ni sifuri ya pale pale nilipogusa. Nikisogea shubiri mbili uso umeinuka au umebonyea, na kina nilichokipima kwa makini kimeshakuwa kina kingine. Kwa hiyo napitisha kwanza rula ya chuma, na mwanga ukipenya chini yake narudi kwenye randa.

Utaratibu wenyewe ni mfupi ukisimuliwa. Pulagi inachomolewa, kuzima swichi hakutoshi. Shina la kisu linaingizwa mpaka ligote, kisha linavutwa juu milimita mbili hivi ndipo likazwe, maana shina lililogota huenda lisibanwe vizuri. Inafuata sifuri. Kisha nachukua kipande cha mbao chenye unene sawa na kina ninachokitaka, nakiweka kati ya nondo ya kipimo na kizuizi chake, nakaza, nakitoa. Nafasi inayobaki ndiyo kina. Namba zilizochorwa kwenye mashine zipo, ila vidole vyangu huamini zaidi kitu vinachokishika.

Hata hivyo milimita 12 haziliwi kwa mkupuo mmoja. Kizuizi kina ngazi ili kisu kiteremke nne, nne tena, kisha nne za mwisho. Mafundi wengi huchukua nusu ya upana wa kisu kuwa mpaka wa kila mpito, na kwa mbao ngumu hupunguza. Kisu huweza kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kikipewa mbao nyingi kupita uwezo wake, mashine huruka mikononi.

Kijana ninayemfundisha aliniuliza, “Fundi, si tuzamishe mara moja tumalize? Mteja anakuja jioni.” Sikumjibu haraka, kwa sababu swali lake lilikuwa na haki. Mteja kweli alikuwa anakuja, na umeme ukikatika kazi inalala. Nikampa kipande cha mwerezi kutoka kwenye fremu ya dirisha la zamani, mti ule ambao Wajerumani waliuteremsha kutoka Shume kwa kamba za waya hadi Mkumbara, penye reli ya Tanga. Ni mti uliokua polepole, nyuzi zake zimebanana, na kisu kilipita bila kutikisika. Kisha nikampa msindano wa kupandwa, wenye miviringo mipana, sehemu laini na ngumu zikipishana. Kisu kilipofika kwenye kifundo aliihisi mashine ikimvuta. Akaizima mwenyewe, akangoja kisu kisimame kabisa, akachomoa pulagi, akarudisha kizuizi kwenye ngazi ya juu.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Huenda nilikuwa nikimfundisha kwa kuanzia pale niliposimama mimi, na mikono yake, iliyozoea jembe, ina uso wake na sifuri yake. Lakini nikisema hivyo nasita. Tahadhari nayo ina madhara yake: mpito mwembamba mno, unaokwenda taratibu mno, hukifanya kisu kisugue badala ya kukata, na mbao huungua ikabaki na alama nyeusi. Sijui kama mwanafunzi anayeshikwa mkono kila mara haungui kwa namna hiyo hiyo.

Karakanani kuna mlango wa mkulo unaosubiri bawaba mpya. Ukiukwangua tu, harufu ya kafuri inajaa chumba kizima. Mkulo kama huo hatuwezi kuupata tena, kwa kuwa msitu wa Magamba sasa ni hifadhi. Nimemwambia kijana kwamba kina cha bawaba atakiweka yeye. Bado sijaamua kama nitakikagua kabla hajawasha.